Mpangaji wa Reli

Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, fundi cherehani hakufungua chumba chake cha kazi mapema. Siku hizo zilikuwa za mguu wa mama.

Aliamka, akachemsha maji, akamwogesha mama yake, kisha akamkalisha kwenye kiti cha magurudumu. Chini yake aliweka mto alioushona mwenyewe kwa masalio ya vitambaa vya wateja. Mama aliukagua mto ule kila safari, kana kwamba anataka kuununua.

"Leo umeongeza kipande cha nani?" aliuliza.

"Cha suruali ya mwalimu mkuu."

"Basi leo namkalia mwalimu mkuu. Twende."

Mama alikuwa na ugonjwa wa kisukari. Miezi minne nyuma alikanyaga kijiti, kikamchoma kisigino. Hakusikia maumivu, kwa sababu kisukari hutia miguu ganzi. Akanyamaza. Hadi siku binti yake alipogundua, kijitundu kile kilikuwa kidonda cha kuingiza kidole gumba. Muuguzi wa zahanati alisema kidonda kisafishwe na kufungwa upya mara tatu kwa wiki, bila kukosa hata siku moja.

"Ukikosa, kitaoza," alisema. "Kikioza, mguu unakwenda."

Zahanati haikuwa mbali. Walipita maduka, wakapita mashine ya kusaga, wakafika kwenye kivuko cha reli. Pale barabara ilikata njia ya treni. Kati ya vyuma vya reli zilikuwa zimelazwa mbao nene, ili magurudumu yasizame. Ukishavuka, unaiona zahanati. Safari nzima ilikuwa dakika kumi na tano.

Zamani, reli ilipoendeshwa na shirika la serikali, kivuko kile kilikuwa na mlinzi mwenye bendera nyekundu. Mlinzi alistaafu, na hakuna aliyeletwa badala yake. Watu walizoea kuangalia kushoto na kulia, basi. Treni zenyewe zilikuwa mbili kwa siku, na moja ilikuwa ya kubahatisha. Halafu ikaja kampuni. Mabehewa mapya yakaonekana. Treni zikawa tisa kwa siku, na zikawa zinafika saa zilizoandikwa. Mume wa fundi, aliyekuwa mpakiaji wa magunia katika ghala la stesheni, akapata kazi kila siku badala ya siku mbili kwa wiki.

"Reli imeuzwa," watu walisema. "Sasa ina mwenyewe."

Hakuna aliyeuliza imeuzwa na nani, kwa karatasi gani. Lilikuwa neno la mtaani, na kila mtu alilibeba kama alivyolipokea.

Jumatano moja walifika kivukoni wakakuta uzio. Nguzo za chuma zilikuwa zimesimikwa upande huu na upande ule, na nyaya zimekazwa katikati. Mbao zilikuwa zimeng'olewa. Bango jipya lilisema: MALI YA KAMPUNI. NI MARUFUKU KUPITA.

Mama alilisoma taratibu. "Sasa sisi tupite wapi?"

Fundi alitazama kulia na kushoto. Njia nyingine ilikuwa moja tu, daraja kubwa la magari, mbali kule juu. Akageuza kiti. Walitumia saa moja na nusu kufika zahanati. Barabara ya darajani ilikuwa ya mlima, malori yalipita karibu, na gurudumu moja la kiti lilianza kulia. Waliporudi nyumbani ilikuwa adhuhuri. Wateja wawili walikuwa wamekuja wakaondoka.

Wiki ile walikosa siku moja. Wiki iliyofuata gurudumu lilivunjika, wakakosa mbili. Daktari alipofungua kidonda, uso wake ulibadilika. Akachukua kalamu ya wino wa bluu, akachora mstari juu kidogo ya kisigino.

"Mnaona weusi huu?" alisema. "Bado uko chini ya mstari. Siku nitakapoukuta umevuka mstari, nitawapeleka hospitali kuu mguu ukatwe. Sitaki kuwaficha."

Mama hakutania siku ile. Njiani alisema jambo moja tu. "Mwanangu, mimi sitaki kuzikwa kwa awamu."

Fundi alisukuma kiti huku machozi yakimtoka, na hakuyafuta, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

Majirani nao walikuwa wameumia. Wanafunzi walichelewa shule. Muuza mkaa alipoteza wateja wa upande wa pili. Baadhi ya watu waliinua waya wa chini wakapenya kwa matumbo. Siku moja muuza mkaa alimwambia fundi, "Dada, mlete mama. Mimi nainua waya, wewe unamvuta. Ni sekunde tu."

Hakuwa amemaliza kusema treni ikapita. Ilipita kwa kasi ambayo treni za zamani hazikuwa nayo. Upepo wake uliwapiga usoni. Ng'ambo ya pili mwanamke mmoja alikuwa bado amechuchumaa chini ya waya, gunia kichwani, rangi imemtoka.

"Hapana," alisema fundi. "Kwa njia hiyo sitaokoa mguu, nitampoteza mama mzima."

Basi majirani wakakaa kikao. Walikubaliana waiandikie kampuni barua. Fundi ndiye aliyekuwa na mwandiko mzuri, akapewa kalamu. Mumewe alimpa ushauri.

"Mali ni yao sasa. Ukimwomba mwenye mali, mwombe kwa adabu."

Fundi akaandika kwa adabu. Aliandika hivi: "Sisi majirani zenu wanyonge tunawaomba kwa unyenyekevu mturuhusu kupita katika ardhi yenu. Tunajua ni mali yenu na hatuna haki yoyote juu yake. Tunategemea huruma yenu." Watu thelathini na wanane waliweka sahihi. Wote walisema barua ni nzuri, imenyooka.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Lilikuwa fupi. "Kwa kuwa ninyi wenyewe mmekiri kwamba ardhi ni yetu na kwamba hamna haki juu yake, na kwa kuwa kupita hapo ni hatari, ombi lenu limekataliwa."

Fundi aliisoma barua hiyo mara mbili. Akaikunja, akaiweka kwenye droo ya cherehani. Alikuwa na hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ilikuwa juu yake mwenyewe, ingawa bado hakujua kosa lake ni lipi.

Alilijua siku karani alipoleta sketi yake.

Karani huyu aliishi mtaa ule ule, lakini alifanya kazi katika halmashauri ya mji wa jirani. Kazi yake ilikuwa kutunza mafaili ya barabara. Alikuja kuongezewa sketi kiunoni.

"Usiniulize imebana vipi," alisema. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu," alijibu mama kutoka kwenye kiti chake. "Kunenepa si kosa. Kosa ni kuilaumu sketi."

Wakacheka. Wakati fundi anafumua mshono, mama alisimulia habari ya kivuko. Karani akaomba aione barua waliyoiandika. Fundi alimpa nakala. Karani alisoma, akashika kichwa.

"Dada, mmeomba ruhusa ya kupita kwenye kitu chenu wenyewe."

"Chetu vipi? Reli si imeuzwa?"

"Nani kakuambia imeuzwa?"

Fundi alifikiri. "Watu," alisema.

Karani aliangalia chumba. Kilikuwa kidogo, kina meza ya kukatia, cherehani na kioo. Mlango wa nyuma ulifunguka kwenye ujia mwembamba.

"Chumba hiki ni chako?"

"Cha kwangu wapi. Nimepanga."

"Unafanya kazi humu, faida ni yako?"

"Ndiyo."

"Unaweza kukiuza?"

"Nitauzaje nyumba ya mtu?"

"Na ujia huo wa nyuma, unakwenda wapi?"

"Bombani. Nyumba yote inachota maji hapo."

"Haya. Kesho uamke, uufunge ujia kwa misumari, useme umechoka na kelele za ndoo."

Fundi alicheka. "Watanitoa na cherehani yangu. Mwenye nyumba aliniambia siku ya kwanza kwamba ujia ni wa wote. Imeandikwa kwenye mkataba."

"Sasa umeelewa habari ya reli," alisema karani. "Kampuni ni mpangaji. Haikununua vyuma wala ardhi. Imekodishwa kwa miaka kadhaa iendeshe treni, itengeneze njia, ilipe kodi serikalini. Muda ukiisha, reli inarudi. Mwenye reli ni umma, yaani mimi na wewe na huyu mama. Serikali inaishika kwa niaba yetu."

Mama alijiweka sawa kwenye mto. "Kwa hiyo mimi nina reli?"

"Unayo mama. Kipande kidogo."

"Na miaka yote hii nimejiona maskini."

Mume wa fundi aliingia wakati huo, vumbi la magunia mabegani. Alisalimia, akasikiliza, kisha akaingia kwenye mazungumzo.

"Lakini shemeji, tusiseme kampuni ni mbaya. Enzi za serikali treni ilikuja siku ikitaka. Mahindi yalioza ghalani. Sasa hivi nina kazi."

"Enzi za serikali kivuko kilikuwa na mlinzi," alisema mama.

"Alikuwa analala, mama."

"Analala, lakini yupo."

Karani alitabasamu. "Wote mnasema kweli. Shirika la serikali linaweza kupeleka treni hata mahali pasipo na faida, kwa sababu linahudumia wote. Lakini likikosa msimamizi mkali, linazembea. Kampuni inajitahidi, kwa sababu isipobeba mizigo haili. Lakini kampuni inaangalia faida. Hiki kivuko kinailetea faida gani?"

"Hakuna," alisema mume.

"Basi ndiyo maana kuna mkataba. Yale ambayo kampuni isingefanya kwa hiari yake, mkataba unailazimisha. Kuna nchi zina barabara za kampuni, unalipa getini ndipo upite. Hata hizo zina mkataba na zina msimamizi. Kwa hiyo usiishie kuuliza tu kama ni ya serikali au ya kampuni. Uliza pia nani ni mwenye mali, nani anaiendesha, na nani anamsimamia huyo anayeiendesha. Ukijua hayo matatu, unajua mlango wa kubisha."

"Na sisi tulibisha mlango wa mpangaji," alisema fundi taratibu.

"Mkabisha mkiwa mmepiga magoti."

Fundi aliacha kufumua. "Msimamizi wake ni nani?"

"Kuna mamlaka ya usafiri wa reli. Ofisi yao ya kanda ipo karibu na posta. Lakini usiende mikono mitupu. Reli ni ya umma, sawa. Je, barabara inayokatiza reli nayo ni ya umma? Wao watasema ni kinjia cha panya tu. Nenda halmashauri ya mji wetu. Omba kuona daftari la barabara. Ni daftari la wazi, kila raia anaruhusiwa. Kama barabara yenu imeandikwa humo na imeandikwa kwamba inavuka reli, basi hicho ni kivuko halali. Halafu wahesabu watu. Ofisi haielewi neno 'wengi'. Inaelewa idadi."

Usiku ule mume alisema maneno machache. "Mke wangu, ninakula kwenye ile reli. Ukipigana na kampuni, mimi ndiye wa kwanza kuguswa."

"Najua," alijibu fundi. "Lakini mstari wa daktari umeuona. Mimi sipigani na kazi yako. Ninataka mama apite. Nitasema ukweli tu, na nitausema mpaka wauchoke."

Alhamisi fundi alikwenda halmashauri. Kijana wa kaunta alimsikiliza nusu sentensi, akatikisa kichwa.

"Mambo ya reli si yetu, dada. Nenda kampuni."

"Sikuja kuulizia reli. Nimekuja kuulizia barabara. Naomba kuona daftari la barabara za mji."

"La nini?"

"La kusoma."

Kijana alisema mhusika hayupo. Fundi alisema atamsubiri. Akakaa kwenye benchi, akatoa shati la mteja na sindano, akaanza kushona vifungo. Alimaliza shati moja, akaanza la pili. Saa sita mhusika akapatikana, kumbe alikuwa chumba cha pili muda wote.

Daftari lilikuwa kubwa na zito. Mhusika alipitisha kidole ukurasa hadi ukurasa. Kidole kikasimama. "Barabara namba arobaini na mbili. Kutoka sokoni hadi zahanati. Inavuka reli." Yeye mwenyewe alishangaa. "Kumbe ipo."

"Ipo," alisema fundi. "Naomba nakala, na mhuri."

Kisha wakahesabu watu. Fundi na muuza mkaa walikaa karibu na uzio siku mbili, kuanzia alfajiri hadi jioni. Fundi alikuja na vifungo vyake na makopo mawili. Mtu mzima akifika, kifungo cheusi. Mwanafunzi, kifungo cheupe. Mgonjwa au mama mwenye mtoto mchanga, kifungo chekundu. Kopo moja lilikuwa la waliogeuka wakaenda kuzunguka darajani. Kopo la pili lilikuwa la waliopenya chini ya waya. Jioni ya siku ya pili walimwaga vifungo mezani, mama akavihesabu. Watu mia sita na kumi na wanne walifika pale kwa siku mbili. Mia tatu na tisa walipenya chini ya waya, na kati yao mia moja na hamsini walikuwa wanafunzi.

Mama alishika kifungo cheupe, akakigeuzageuza. "Hawa ni watoto," alisema. "Hii treni siku moja itaua mtoto."

Barua ya pili ilikwenda kwenye mamlaka. Nakala moja ilipelekwa kampuni, nyingine halmashauri. Fundi alianza kama alivyozoea: "Sisi majirani wanyonge." Mama alimkatiza.

"Futa hilo neno. Mnyonge ni mguu wangu, si mimi."

Fundi akafuta. Aliandika: "Barabara namba arobaini na mbili ni barabara ya umma. Inavuka reli ya umma. Imefungwa bila sisi kuulizwa na bila kupewa njia nyingine. Nakala ya daftari na hesabu ya wapitaji zimeambatishwa. Barua yetu ya kwanza tuliiandika bila kujua. Tunaiondoa. Tunataka kujua kama mamlaka iliidhinisha kufungwa kwa kivuko hiki. Kama haikuidhinisha, tunataka kifunguliwe kwa usalama." Safari hii watu mia moja na sita waliweka sahihi.

Mume wake alikuwa wa mwisho. Aliishika kalamu muda mrefu kidogo. "Bosi wa ghala kaniita leo," alisema. "Kaniambia nikutulize."

"Ukamjibu nini?"

"Nimemwambia mimi napakia magunia tu. Maneno ya mke wangu hayamo kwenye mzigo wangu." Akaweka sahihi.

Siku zile za kusubiri, safari za zahanati hazikusimama. Fundi aliapa hawatakosa tena hata siku moja, na hawakukosa. Fundi baiskeli alitengeneza gurudumu. Muuza mkaa alisukuma Jumatatu, mume akasukuma Jumatano kabla ya zamu, fundi mwenyewe Ijumaa. Kila safari daktari alitazama mstari wa bluu, akaukoleza kwa kalamu. Weusi ulikuwa umeufikia, ukasimama pale pale. "Tuendelee hivi," alisema. "Lakini mnachoka, na mlima ule unamtonesha. Siwezi kuahidi."

Baada ya siku kumi na mbili mamlaka ilituma ofisa. Akaitisha kikao pale pale kwenye uzio. Alikuja mhandisi wa halmashauri, na akaja meneja wa kampuni, kijana nadhifu mwenye kofia ngumu. Majirani walijaa. Mama aliketi mbele kwenye kiti chake.

Meneja alianza. Hakuwa mtu mkali. "Ndugu zangu, treni zilikuwa mbili, sasa ni tisa. Mwezi wa kwanza tu, madereva wetu walikosakosa watu watatu hapa. Dereva mmoja mpaka leo hajarudi kazini, mikono inamtetemeka. Tulifunga kwa sababu ya usalama. Na majirani wenyewe," akatoa karatasi, "waliandika kwamba ardhi ni yetu na hawana haki juu yake."

Watu wakamtazama fundi. Akasimama.

"Barua hiyo niliandika mimi," alisema. "Nilikosea, na sitajificha. Mimi nimepanga chumba. Jirani akikosea akaniita mwenye nyumba, nyumba haiwi yangu. Kuhusu hatari, tunakubaliana nawe. Ndiyo maana tuliwahesabu. Umefunga, na watu mia tatu wamepita chini ya waya kwa siku mbili. Umeondoa mbao, hukuondoa hatari. Pole kwa dereva wako. Sisi pia hatutaki aue mtoto wetu."

Ofisa alifungua faili. Alisoma polepole ili wote wasikie. Mkataba ulisema kampuni itavitunza vivuko vyote vilivyo kwenye orodha. Hakitafungwa kivuko chochote bila kibali cha mamlaka, na kibali hakitolewi mpaka njia nyingine iwepo karibu. Kivuko cha barabara namba arobaini na mbili kilikuwemo kwenye orodha.

"Mliomba kibali?" ofisa aliuliza.

Meneja alivua kofia, akajikuna. "Tulidhani ni kinjia tu. Hatukuangalia orodha."

"Na sisi halmashauri," alisema mhandisi, akijikohoza, "hatukuwaambia. Barabara ni yetu, na tuliiacha miaka."

Ofisa akatoa uamuzi. Kampuni ingelaza zege kati ya vyuma vya reli, ingeweka geti na mlinzi kutoka treni ya kwanza hadi ya mwisho. Halmashauri ingeshindilia barabara pande zote mbili. Wananchi nao wangepita getini tu, na mtu akikutwa anapenya uzio mahali pengine apigwe faini. Yote hayo yakamilike ndani ya siku thelathini.

Fundi aliomba nakala ya kumbukumbu za kikao. Ofisa alishangaa kidogo, akampa.

Ilikuwa akili. Siku ya thelathini na moja palikuwa na rundo la kokoto za zege kando ya uzio, na hapakuwa na mwashi wala mlinzi. Kampuni ilisema inasubiri halmashauri ishindilie barabara. Halmashauri ilisema inasubiri kampuni ilaze zege. Fundi alichukua karatasi yake, akaenda kwa meneja, akaweka kidole kwenye mstari wa nne: kampuni inaanza. Akaenda kwa mhandisi: ndani ya siku tano baada ya kampuni, halmashauri inafuata. Jumatatu iliyofuata akarudi kote kuwili. Na Jumatatu ya baadaye. Mlinzi wa mlangoni kwa kampuni alikuwa ameshamzoea.

"Karibu mama mwenye reli," alisema.

"Asante. Mpangaji wangu yupo?"

Jumatatu ya nne alikuta mafundi kazini.

Kivuko kilifunguliwa siku ya Ijumaa. Hapakuwa na hotuba. Zege lilikuwa jipya, geti limepakwa rangi nyekundu na nyeupe, na mlinzi alikuwa mwanamke mwenye filimbi na bendera. Wanafunzi walipanga mstari nyuma ya geti, treni ikapita, wakangoja mpaka geti likainuka. Meneja alikuwepo. Aliwaambia kwamba tangu alfajiri hakuna dereva aliyepiga breki ya ghafla. Kisha akamgeukia mume wa fundi, akamwuliza kama yule mwanamke wa daftari ni mkewe. Mume alisema ndiye. Meneja akamwambia ana bahati, na zamu yake ghalani iko pale pale.

Kwa wiki mbili zilizofuata walifika zahanati kwa dakika kumi na tano, kama zamani. Kidonda kilianza kujaa nyama nyekundu, na weusi ulianza kumenyuka. Wiki ya tano daktari alimtaka mama asimame kidogo kila siku. Wiki ya tisa aliufuta mstari wa bluu kwa pamba na spiriti. "Mguu huu unabaki," alisema. Fundi alikaa chini kwenye kiti cha wagonjwa, akalia kwa sauti, na safari hii aliyafuta machozi yake vizuri.

Walipokuwa wakirudi, mama alisema, "Simamisha hiki kiti."

Walikuwa wamefika kivukoni. Geti lilikuwa juu. Mama alishika mkongojo aliopewa na daktari, akashuka, akaweka mguu kwenye zege. Alipiga hatua moja, akapumua, akapiga nyingine. Fundi alisukuma kiti kitupu kando yake, bila kumshika, ingawa mikono ilimwasha. Mlinzi alitazama saa yake. Treni ilikuwa bado mbali.

Nyuma yao mwendesha pikipiki alipiga honi. "Bibi, jitahidi kidogo, nina haraka."

Mama hakugeuka. "Subiri, mwanangu," alisema. "Barabara hii ni ya umma, na leo umma unatembea polepole."

Kijana akazima pikipiki, akasubiri.